Bakteria wanaotengeneza antibiotiki na chakula chao cha naitrojeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nashughulika na bakteria wa udongo maabarani hapa Mbeya. Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho ukifika, maswali huja yaleyale: kwa simu, mlangoni, hata kwenye daladala ya Uyole. Nimeamua kuyaandika pamoja na majibu yake. Mengine yametoka kwa wakulima na wafugaji, nayo hayana haya kuliko ya wanachuo.

Hii naitrojeni mnayoisema ni ile ya kwenye mfuko wa mbolea?

Ndiyo hiyohiyo. Mtu wa Mbozi au Njombe hahitaji mhadhara kuhusu naitrojeni, anaijua kwa namba za asilimia: 46 kwenye urea, 21 kwenye SA (amoniamu salfati), 18 kwenye DAP. Bakteria anaihitaji kwa sababu zilezile za mahindi, yaani kujenga protini, vimeng'enya na vinasaba.

Tena dawa yenyewe, yaani antibiotiki anayoitengeneza, mara nyingi ina naitrojeni ndani yake. Chembe moja ya streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofanya kazi dhidi ya kifua kikuu, ina atomi 7 za naitrojeni. Penisilini G ina 2. Erithromaisini ina 1 tu. Kwa hiyo naitrojeni ni tofali la kujengea dawa. Ila pia ni taarifa: inamwambia bakteria kama ni wakati wa kula na kuzaana au wa kufanya mambo mengine. Wanafunzi wengi wanaishia kwenye tofali, hiyo taarifa wanaisahau.

Basi nikimwekea naitrojeni nyingi atatoa dawa nyingi?

Hapana, na hapa ndipo miradi mingi inapopotea.

Umeshaona mahindi yaliyomwagiwa urea kupita kiasi? Majani ya kijani kibichi hadi meusi, shina nene, mwenye shamba anapita kifua mbele. Ukija kumenya, gunzi limejaa mapengo. Tunasema mahindi yamekwenda majani. Bakteria wa jamii ya Streptomyces, hao wa udongo wanaotoa antibiotiki, akipewa naitrojeni rahisi kwa wingi, hasa amoniamu, naye anakwenda majani. Chupa inajaa ukungu mzito wa seli, mwanafunzi anafurahi, halafu kipimo cha dawa kinatoka karibu na sifuri.

Sababu ni kwamba antibiotiki si kitu anachohitaji ili aishi leo. Kwa kawaida huitengeneza ukuaji unapopungua kasi, chakula kinapoanza kuisha na nyuzi za seli zake zinapojiandaa kutoa mbegu (spora). Ukiendelea kumlisha vyepesi, siku hiyo haifiki. Kwa hiyo jambo la kuangalia si kiasi cha naitrojeni pekee. Angalia pia inapatikana kwa kasi gani. Unga wa soya una naitrojeni nyingi tu, lakini imefungwa ndani ya protini, na bakteria lazima atoe vimeng'enya vya kuikatakata kwanza. Anaipata kidogokidogo, kama mshahara wa kila wiki. Amoniamu ni kiinua mgongo kilicholipwa chote siku moja.

Mfano wa mahindi una mwisho wake, usije ukauandika kwenye tasnifu. Njaa ndiyo inayomfanya bakteria atoe dawa, lakini si njaa inayoyafanya mahindi yatoe gunzi.

Amoniamu inazuia dawa kwa njia gani hasa?

Inategemea ni bakteria gani na dawa gani. Mfano uliochunguzwa vizuri ni wa tailosini, dawa ambayo wafugaji wengi wa kuku wanaijua, inayotengenezwa na Streptomyces fradiae. Pete kubwa iliyo ndani ya molekuli ya tailosini inajengwa kwa vipande vidogo vya kaboni. Baadhi ya vipande hivyo bakteria anavipata kwa kuvunja asidi amino kama valini, na kimeng'enya cha kuanzisha kazi hiyo kinaitwa valini dihaidrojenasi. Amoniamu ikijaa, kimeng'enya hicho hakitengenezwi kwa wingi. Ndivyo ilivyo: mwenye naitrojeni mezani atavunja valini ya nini? Kazi ya kuvunja ikisimama, vipande vinakosekana, na pete haijengwi. Fundi yupo, tofali hazijaletwa.

Watafiti wa Japani, akiwemo Satoshi Ōmura, walionyesha upande wa pili wa jambo hilohilo: ukiweka kwenye chupa kitu kinachokamata amoniamu, kama fosfati ya magnesiamu, bakteria anaongeza dawa.

Njia nyingine ni ya amri. Ndani ya Streptomyces kuna protini iitwayo GlnR inayowasha jeni za kutafuta na kutumia naitrojeni pale inapokuwa haba. Katika baadhi ya bakteria, protini za aina hii zinagusa pia jeni za antibiotiki. Kuna na ishara ya njaa, kemikali ndogo iitwayo ppGpp, ambayo seli huitoa asidi amino zikipungua. Kwa mradi wa shahada ya kwanza, ujue tu kwamba zipo. Ukianza kuzifukuzia, mwaka utaisha.

Kwa hiyo niandike kwamba amoniamu ni mbaya na vingine ni vizuri?

Usiandike hivyo. Andika jina la bakteria na jina la dawa, kila mara.

Chukua rifamaisini, mama yake rifampisini tunayowapa wagonjwa wa kifua kikuu. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Amycolatopsis mediterranei. Huyu ukimwongezea nitrati anaongeza dawa, na jambo hilo limejulikana kwa miongo kadhaa. Nitrati kwa kawaida huhesabiwa kuwa chakula kigumu kiasi, maana lazima igeuzwe kuwa amoniamu kwanza kwa gharama ya nishati, lakini kwa huyu nitrati haishii kuwa chakula. Inabadilisha shughuli nyingi ndani ya seli. Ukimpa mwingine nitrati hiyohiyo unaweza usione chochote.

Kati ya soya, mashudu ya alizeti na usipa, kipi kizuri?

Swali nilipendalo, kwa sababu vyote vipo sokoni na peptoni ya kuagiza, protini iliyokwisha kukatwakatwa ya kulishia bakteria, ina bei inayokatisha tamaa.

Soya ndiyo ninayoanzia. Viwanda vya streptomaisini vilitumia unga wa soya tangu zamani, na soya nyanda zetu za juu inalimwa. Tumia iliyokamuliwa mafuta ukiipata. Isiyokamuliwa hutoa povu kwenye mashine ya kutikisa hadi pamba ya mdomo wa chupa inalowa, na pamba ikilowa umekaribisha kila mdudu aliyeko angani.

Mashudu ya alizeti ni bei rahisi, lakini mfuko mmoja haufanani na mwingine. Mengine yamejaa maganda, ambayo ni nyuzinyuzi tupu. Ukinunua leo Mafinga na kesho Mbeya mjini, usidai umetumia chakula kimoja. Nunua mara moja, changanya, saga, chekecha, hifadhi pakavu.

Usipa wa Nyasa aliyekaushwa vizuri na kusagwa ni naitrojeni ya nguvu. Shida yake mbili. Chumvi na mchanga, hilo la kwanza. La pili ni harufu. Mwaka mmoja nilichemsha lita mbili za mchuzi wa usipa kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa presha cha kuulia vijidudu) saa nne asubuhi, na mlinzi wa getini akaja kuuliza tunapika nini na kama watu wa ofisini wamealikwa. Tangu siku hiyo usipa nauchemsha jioni.

Mahindi nayo yana historia yake hapa. Mwaka 1941, wanasayansi wa Uingereza Howard Florey na Norman Heatley walikwenda Marekani kutafuta njia ya kuzalisha penisilini kwa wingi. Kwenye maabara ya serikali mjini Peoria, Illinois, Andrew Moyer akajaribu maji mazito yanayobaki mahindi yakilowekwa viwandani kutoa wanga. Yalikuwa karibu ni taka, yakitafutiwa matumizi. Penisilini ikapanda mara kadhaa. Lakini hapo kuna mambo mawili ya kukumbuka: anayetoa penisilini ni kuvu, si bakteria, na maji yale yalikuwa na zaidi ya naitrojeni, yalikuwa pia na malighafi inayoingia moja kwa moja kwenye penisilini G. Chakula cha asili hakiji na kitu kimoja. Ndiyo faida yake, na ndiyo balaa lake siku ya kutetea tasnifu.

Nimeweka gramu 5 za kila chanzo kwenye lita. Matokeo yangu yako sawa?

Hayako sawa, pole. Umelinganisha uzito wa vitu, hujalinganisha naitrojeni. Gramu 5 za urea zina naitrojeni gramu 2.3. Gramu 5 za unga wa soya wenye protini asilimia 40 zina gramu 0.32. Ni tofauti ya mara saba, halafu unashangaa urea "imeshinda" kwa ukuaji.

Anza na naitrojeni unayotaka, kisha rudi nyuma. Tuseme unataka gramu 1 ya naitrojeni kwa lita. Utahitaji hivi:

- urea (46%): gramu 2.2
- amoniamu salfati (21.2%): gramu 4.7
- nitrati ya potasiamu (karibu 14%): gramu 7.2
- unga wa soya wenye protini 40%: gramu 15.6

Hesabu ya soya inatokana na desturi ya kugawa protini kwa 6.25 ili kupata naitrojeni: 40 ukigawa kwa 6.25 unapata asilimia 6.4. Usikisie protini ya unga wako, peleka upimwe.

Kisha kuna jambo linalosahaulika: gramu 15.6 za soya zimebeba pia kaboni, na chumvi ya amoniamu haina kaboni hata chembe. Uwiano wa kaboni na naitrojeni umebadilika bila wewe kukusudia. Huwezi kuuondoa wote, lakini useme.

Naweza kutumia DAP ya duka la pembejeo? Ni naitrojeni pia.

Kijana mmoja aliniletea punje za DAP kwenye mfuko wa rambo, amezitwanga kwenye kinu cha nyumbani. Nilimhurumia kwa sababu alitumia akili, hakuwa na hela ya kemikali. Ila alikuwa amechagua vibaya kuliko vyote dukani. DAP ina amoniamu na fosfati, na fosfati ikizidi nayo huzuia antibiotiki nyingi za Streptomyces. Alikuwa amefunga mlango kwa kufuli mbili. Tena punje za mbolea hupakwa vitu vya kuzuia kugandana ambavyo haviandikwi kwenye mfuko. Ile ya kupandia iache shambani.

Duara langu kubwa kabisa, pale bakteria wa kupimia dawa walipokufa kwenye sahani, limetokea kwenye amoniamu salfati. Kitabu kimekosea?

Pima pH kwanza kabla hujamlaumu mwandishi.

Bakteria akinyonya amoniamu kutoka kwenye salfati, anaacha asidi nyuma yake. Akitumia nitrati, pH inapanda. Akila protini na asidi amino, anaweza kutoa amonia na pH ikapanda pia. Ukichukua mchuzi uliofika pH 4 ukaudondoshea kwenye sahani yenye bakteria wa kupimia, Staphylococcus aureus, kinachowaua kinaweza kuwa ukali wa asidi tu, kama ndimu ingefanya. Hukuona dawa hapo.

Fanya mambo matatu. Sawazisha pH ya michuzi yote iwe 7 kabla ya kupima. Weka sahani ya kulinganishia yenye mchuzi usiopandwa bakteria. Na ndani ya chupa weka kalsiamu kaboneti, chokaa ya kawaida ya maabara, izuie pH kukimbia.

Pima pia uzito mkavu wa seli, halafu ugawe kipimo cha dawa kwa uzito huo. Chupa yenye seli mara tatu na dawa mara mbili haijashinda. Kila seli imefanya kazi kidogo kuliko mwenzake.

Nichemsheje urea?

Usiichemshe. Joto la otoklevu huivunja kuwa amonia na kabonidayoksaidi, na hapo unakuwa umejaribu amonia huku umeandika urea. Ipitishe kwenye chujio la mikromita 0.2 kisha uiongeze chakula kikiwa kimepoa. Chumvi za amoniamu nazo usizichemshe pamoja na chokaa. Ukifungua mfuniko ukasikia harufu inayochoma pua na macho kama banda la kuku lililofungwa usiku, naitrojeni yako ndiyo hiyo inaondoka.

Otoklevu inafika paundi 15, lakini chakula kinaota uchafu. Kwa nini?

Hili ni la kwetu watu wa mwinuko. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage yanatusumbua. Mshale wa presha unaonyesha ziada juu ya hewa ya nje, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Ukisoma paundi 15 hapa, ndani uko karibu nyuzi 118, hujafika 121. Fuata kipimajoto, usifuate mshale. Kama kipimajoto hakipo, ongeza paundi 3 hivi, mradi kifaa chako kinaruhusu, au ongeza dakika. Chakula chenye unga wa soya au mashudu kinahitaji muda zaidi hata hivyo, kwa sababu mbegu za bakteria hujificha katikati ya madonge.

Udongo wa kupatia bakteria nichukue wapi? Kitulo? Rungwe? Ngozi?

Kila mtu anataka Kitulo kwa sababu ya maua. Hifadhini hakuchukuliwi udongo bila kibali, na kwa mradi wa miezi minne kibali ni safari ndefu. Anza nyuma ya nyumba.

Sisemi hivyo kukupunguzia hamu. Albert Schatz alipopata streptomaisini mwaka 1943 kwenye maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, alikuwa na Streptomyces griseus wawili: mmoja kutoka udongo wa shamba lililojaa samadi, mwingine kutoka koo la kuku. Samadi na kuku, kuna kaya gani Rungwe isiyo navyo? Klorotetrasaiklini, iliyotangazwa mwaka 1948, ilitoka kwenye Sanborn Field, shamba la majaribio la Chuo Kikuu cha Missouri lililoanzishwa mwaka 1888, shamba la utafiti kama tulilo nalo Uyole. Na ivamektini, dawa iliyogawiwa dhidi ya ugonjwa wa usubi kule Rungwe na Kyela, chanzo chake ni Streptomyces wa udongo wa Japani aliyepatikana karibu na uwanja wa gofu; Ōmura niliyemtaja juu alipewa sehemu ya Nobeli ya mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ivamektini si antibiotiki, inaua minyoo, lakini jiko lililoipika ni lilelile.

Udongo wenye asidi kali hautapendwa na wengi wa bakteria hawa, na mashamba yaliyopigwa SA miaka mingi huwa na asidi. Pima pH ya udongo kabla ya kubeba mifuko ishirini. Uanike kivulini kwa siku kadhaa. Bakteria wa kawaida wengi watakufa, mbegu za Streptomyces zitabaki.

Chakula gani cha kuwaoteshea mara ya kwanza?

Agari (jeli ya kuoteshea) ya wanga na kasini: kwa lita moja, wanga gramu 10, kasini gramu 0.3, nitrati ya potasiamu gramu 2, na chumvi nyingine kidogokidogo. Ona naitrojeni yake: protini ya maziwa kwa kiasi kidogo na nitrati. Amoniamu haimo. Bakteria wenye pupa hawanenepi hapo, na hawa wa polepole wanapata nafasi.

Weka nyuzi 28 kwa siku 7 hadi 14. Juni na Julai usiache sahani mezani Mbeya. Usiku wetu ni wa friji. Sanduku lenye balbu na kipimajoto linatosha, umeme ukiwepo. Utawajua kwa macho: vidoa vikavu vinavyong'ang'ania agari kama chokaa iliyomwagikia sakafu, na ukifunua mfuniko, harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza. Harufu hiyo ni ya jiosmini, wanayoitoa wao.

Kamwene! Nafuga kuku 300 hapa Iringa, OTC imepanda bei. Naweza kuotesha bakteria hao nikatengeneza yangu?

Kamwene, mama. Usifanye. Oksitetrasaiklini, hiyo OTC yako, kweli hutoka kwa Streptomyces rimosus, lakini mchuzi wa chupani una mambo mengine kibao, yakiwemo yanayoweza kudhuru ini na figo, na huwezi kujua dozi. Dozi ndogo isiyojulikana inayotolewa kila siku ndiyo njia ya haraka ya kuwafuga vimelea sugu bandani, na hao hawaishii kwa kuku. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata. Mara nyingi kinachowaumiza kuku 300 ni msongamano na takataka ya sakafuni iliyolowa, na dawa haiondoi hayo.

Nimejaribu vyanzo vyote vinne na hakuna duara hata moja. Nimefeli?

Bado. Umepima siku ngapi? Wengi hupima siku ya tatu, wakati bakteria bado anakula. Chukua sampuli kila siku kuanzia ya pili hadi ya kumi. Dawa inaweza kuonekana siku ya sita na kutoweka ya tisa. Umejaribu adui gani, yaani bakteria wa kupimia dawa? Kama ni Escherichia coli peke yake, ongeza Bacillus subtilis, maana dawa nyingi haziingii ngozi ya nje ya E. coli.

Na jua hili: jenomu (vinasaba vyote) ya Streptomyces coelicolor, yule anayegeuza sahani kuwa bluu kama wino, iliposomwa mwaka 2002 ilionekana ina mafungu ya jeni zaidi ya 20 ya kutengenezea kemikali za ziada, mengi yakiwa hayajawahi kuonekana yakifanya kazi maabarani. Bakteria wako anaweza kuwa na dawa ambayo hakuna chakula kati ya hivyo vinne kinachoiamsha. Punguza naitrojeni nusu, bakiza wanga ileile, urudie soya. Sahani usizitupe kabla ya siku ya kumi na nne. Ziandike tarehe kwa kalamu isiyofutika, chini ya sahani, siyo kwenye mfuniko.